Hilo March na Uzushi wa Gitaa Legevu

Hilo March ni utungo wa gwaride uliozaliwa katika visiwa vya Hawaii mwaka 1881, na kwa miaka mingi umekuwa kipimo cha mpiga gitaa la chuma, yaani gitaa linalolazwa mapajani nyuzi zikitazama juu, huku mkono wa kushoto ukishika kipande cha chuma badala ya kubana nyuzi kwa vidole. Hupigwa kwa mwendo wa mtu anayetembea kikakamavu, noti fupi fupi zikifuatana bila kumpa mpigaji nafasi ya kuvuta pumzi. Hakuna sehemu ndani yake inayomwalika msikilizaji asinzie.

Hata hivyo gitaa hilo limebandikwa sifa nyingine kabisa. Filamu ikitaka kuonyesha kisiwa cha starehe, huliweka likinung'unika nyuma ya picha ya minazi. Tangazo la hoteli hulitumia kumwambia mgeni kwamba sasa anaweza kuvua viatu. Maoni hayo yana watetezi wa makundi mawili yasiyopendana. Kundi la kwanza ni wapenzi wa Hawaii ya kadi za posta, wanaosema kwamba chuma kwa asili yake huteleza na kubembeleza, na kwamba uzuri wake uko hapo. La pili ni wakosoaji, Wahawaii wenyewe wakiwamo, wanaosema jambo lile lile kwa uchungu: muziki huo ulitengenezwa kumfurahisha mtalii, kwa hiyo si urithi wa kujivunia. Mmoja anasifu na mwingine analaani, lakini wote wawili wanasimulia historia moja, na historia hiyo si ya kweli. Sifa za kundi la kwanza ni kilemba cha ukoka. Laana za la pili zinamwangukia asiyehusika.

Mwaka 1881 Mfalme Kalākaua alikuwa katika safari ya kuizunguka dunia, na dada yake Liliʻuokalani alishika hatamu za nchi kwa niaba yake. Mwaka huohuo dada huyo alikwenda Hilo, mji ulio mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, wakati mlima Mauna Loa ukimwaga lava kuelekea mji huo. Mtiririko ulioanza Novemba 1880 ulikuja kusimama Agosti 1881, ukiwa umekaribia kabisa makazi ya watu. Utungo uliofungamana na safari hiyo ni wa Joseph Aeʻa, mwanamuziki Mhawaii wa bendi ya kifalme. Jina la kwanza la utungo huo lilikuwa Ke Ala Tuberose, kwa heshima ya ua jeupe lenye harufu kali; jina la Hilo March lilikuja baadaye kwa mkono wa mkuu wa bendi, Henri Berger.

Bendi yenyewe haikuwa kikundi cha kupokea wageni. Ilianzishwa mwaka 1836, zama za Mfalme Kamehameha III. Berger, Mprusi aliyetumwa Honolulu mwaka 1872, aliiongoza mpaka 1915, na chini yake vijana wa Kihawaii walisoma noti, wakapiga tarumbeta na klarineti, wakazoea magwaride, nyimbo za dansi za Ulaya na nyimbo za kwao kwa pamoja. Waliowasikiliza walikuwa watu wa ikulu, wakazi wa mji na mabaharia bandarini. Anayedai kwamba utungo wa namna hii ulitengenezwa kwa ajili ya watalii wa ufuo wa Waikiki itabidi kwanza awajengee pa kulala: hoteli ya Moana, ya kwanza kubwa katika ufuo huo, ilifunguliwa mwaka 1901, miaka 20 baada ya safari ya Hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wa hadithi ya minazi hulipita kimya. Januari 1893 kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba, likisaidiwa na askari wa majini wa Marekani walioshuka pwani, lilimpindua Liliʻuokalani, ambaye wakati huo alikuwa malkia. Serikali mpya ikawataka wanamuziki wa bendi watie saini kiapo cha utii. Wengi wao walikataa na kuacha kazi, ingawa waliambiwa kwamba watakosa chakula na kubaki kula mawe. Kisa hicho kikazaa wimbo wa upinzani, Kaulana Nā Pua, ulioandikwa na Ellen Wright Prendergast, rafiki wa malkia, kwa ombi la wanamuziki hao. Bendi iliyoibeba Hilo March ndiyo hiyo, na ni vigumu kuiona kama kiwanda cha burudani ya wageni.

Gitaa la chuma lenyewe halikuwapo mwaka 1881. Magitaa ya kawaida yalifika visiwani katika miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe wa Kimeksiko walioletwa kudhibiti mifugo iliyokuwa imezagaa porini, na Wahawaii wakabuni namna yao ya kulegeza nyuzi ili zikipigwa wazi zitoe sauti zinazopatana. Juu ya msingi huo kijana Joseph Kekuku, aliyezaliwa Lāʻie katika kisiwa cha Oʻahu mwaka 1874, alijenga ufundi mpya alipokuwa mwanafunzi wa Kamehameha School for Boys mjini Honolulu, mwishoni mwa miaka ya 1880. Visa vya asili ya ugunduzi huo ni vingi: wengine husema aliokota boliti njiani, wengine husema kitana kiliangukia nyuzi. Visa vya namna hiyo hupendwa kwa sababu humfanya mgunduzi aonekane mtu wa bahati. Lililo la maana zaidi ni kazi iliyofuata: alitengeneza pao la chuma katika karakana ya shule, akainua nyuzi ziwe juu ya freti, yaani vichuma vilivyokingama shingoni, ili chuma kisigonge mti, na akafanya mazoezi kwa miaka kabla ya kufundisha wenzake. Kijana huyo alikulia katika mji ambao muziki wake mkubwa wa hadharani ulikuwa wa bendi. Chombo kilipopatikana, magwaride yalikuwa tayari masikioni mwa wapigaji.

Dai kwamba chuma huteleza kwa hiyo kazi yake ni kuteleza linaonekana la busara mpaka mtu atazame mikono ya anayepiga Hilo March. Kwa desturi nyuzi sita hulinganishwa kwa sauti za E, A, E, A, C# na E, kuanzia ule mnene. Zikipigwa bila kuguswa hutoa mwafaka mmoja mkubwa, na chuma kikilazwa wima mahali popote hutoa mwafaka uleule kwa kimo kingine. Utungo wa gwaride, ambao kwa sehemu kubwa hujengwa juu ya miafaka mikuu mitatu, unakaa vizuri juu ya mpango huo. Shida inaanza wimbo unapotaka sauti mbili ambazo hazimo katika mstari mmoja ulionyooka. Hapo chuma huinamishwa upande, ncha moja ikatangulia nyingine, na kunyooshwa tena kabla ya pigo linalofuata. Kwa mwendo wa polepole hilo ni zoezi la kawaida. Kwa kasi ya gwaride ni kazi ya mtu aliyefanya mazoezi mengi.

Tena hakuna freti ya kumwokoa aliyekosea, kwa kuwa mistari kwenye shingo ni alama za kutazamwa tu. Kwenye uzi wa sentimita 57, nusu toni ya kwanza huchukua kama sentimita 3.2, lakini baada ya alama ya 12 nusu toni ileile imebaki sentimita 1.6. Kosa la milimita 4 chini kwenye shingo linaweza kupita. Juu huko ni robo ya nusu toni, na sikio lolote hulisikia. Mpiga wimbo wa polepole ana hila ya kujificha: hufika karibu na sauti, akatikisa chuma kwa mtetemo, akaisogelea polepole hadi aipate, na wasikilizaji wakaita hila hiyo hisia. Hilo March haimpi muda huo. Noti inapaswa kupatikana mara chuma kinapotua, kisha ikatwe kwa kiganja cha kulia ili isiburuzwe kuelekea inayofuata. Sehemu kubwa ya nguvu za mpigaji hutumika kukizuia chuma kisisikike kikiteleza.

Pambo kubwa la wapigaji wa magwaride ya aina hii ni sauti za kengele. Mpigaji hugusa uzi kwa ukingo wa kiganja katikati kabisa ya urefu uliobaki kati ya chuma na daraja la nyuzi, huku kidole kikidonoa, kisha huinua mkono mara moja; sauti inayotoka ni ya oktava moja juu, safi kama kengele ndogo. Nukta hiyo ya katikati haikai mahali pamoja. Chuma kikisogezwa sentimita 10, mkono wa kulia nao lazima usogee sentimita 5, upande uleule na kwa wakati uleule. Kupiga mstari mzima wa wimbo kwa namna hiyo, bila kupunguza mwendo, kunataka mikono miwili inayokwenda kwa uwiano usiobadilika ilhali macho yanaweza kutazama mmoja tu. Desturi ya kurudia sehemu ya utungo, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa kengele, ilikuwa njia ya wazi ya fundi kuonyesha fundi wenzake kwamba ameiva.

Sababu nyingine ya wapigaji wa mwanzo kupenda mwendo wa haraka ni ya kimaumbile. Gitaa la mti lisilo na umeme hutoa sauti inayokufa upesi. Noti ndefu ya kubembeleza, ambayo leo inadhaniwa kuwa ndiyo asili ya chombo, ilikuwa shida kuipata mwaka 1910. Ilikuwa rahisi zaidi kulijaza pengo kwa noti nyingi. Santuri za enzi hizo, zilizochukua kama dakika tatu kila upande na kurekodiwa kwa kupiga mbele ya pembe bila maikrofoni, zilipenda sauti kali inayodonolewa kwa kucha za chuma. Tatizo la nguvu ya sauti ndilo lililomfanya John Dopyera aunde gitaa la National lenye mwili wa chuma na sahani tatu za alumini ndani yake, lililoingia sokoni mwaka 1927. Mpigaji aliyelifanya gitaa hilo lijulikane, Sol Hoopii, mzaliwa wa Honolulu wa mwaka 1902, alichanganya magwaride na jazi kwa wepesi ambao wapiga gitaa wa leo wanajifunza sentensi kwa sentensi.

Mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la mapajani lenye sumaku zinazozizunguka nyuzi, lililotokana na kazi ya George Beauchamp. Kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Hili lilikuwa gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, na lilitengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa mtindo wa Kihawaii, jambo ambalo mashabiki wa roki hulisahau kwa urahisi. Kwa umeme noti iliweza kuning'inia kwa sekunde kadhaa. Hapo ndipo mtindo wa kubembeleza ulipopata chombo chake. Ulegevu unaodaiwa kuwa wa tangu na tangu ulitegemea spika na sumaku, miaka 40 na zaidi baada ya Kekuku kuingia karakana.

Umeme ulikuta soko limekwisha kutayarishwa. Hawaii ilitwaliwa na Marekani mwaka 1898. Miaka miwili kabla yake sheria ilikuwa imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na kwa mwanamuziki wa Kihawaii riziki ilianza kuonekana ng'ambo zaidi kuliko nyumbani. Kekuku aliondoka mwaka 1904 na hakurudi kuishi kwao. Alifariki New Jersey mwaka 1932. Mwaka 1912 New York ilionyeshwa tamthilia ya Richard Walton Tully, The Bird of Paradise, ambamo mwanamke wa Kihawaii anampenda Mmarekani na mwishowe anajitupa katika volkano. Wapigaji wa kweli wa Kihawaii waliwekwa kando ya jukwaa kutia huzuni katika kisa wasichokitunga. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco, yaliyovuta wageni takriban milioni 18, yaliwapa jukwaa bora zaidi, na kufikia 1916 santuri za Kihawaii zilikuwa zikiuzwa Marekani kwa wingi wa kushangaza. Watunzi wa New York, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga visiwani, wakaanza kutoa nyimbo zenye maneno ya kubuni yasiyo na maana katika lugha yoyote. Yaaka Hula Hickey Dula, aliyoiimba Al Jolson, ni mfano unaotosha.

Kilele cha biashara hiyo ni Sweet Leilani, iliyopata Oscar kupitia filamu ya Waikiki Wedding ya mwaka 1937. Mtunzi wake, Harry Owens, alizaliwa Nebraska na aliongoza okestra ya hoteli ya Royal Hawaiian. Ni wimbo mzuri, na hakuna haja ya kuudharau. Lakini ukichukuliwa kama kielelezo cha tabia ya muziki wa Kihawaii, ilhali Hilo March ya Joseph Aeʻa ikachukuliwa kama kioja, mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Kipindi cha redio cha Hawaii Calls, kilichoanza mwaka 1935 kikirushwa kutoka hoteli ya Moana na kudumu hadi miaka ya 1970, kilikamilisha picha: maikrofoni ilipelekwa karibu na maji ili wasikilizaji wa Marekani wasikie mawimbi, na juu ya mawimbi likalazwa gitaa la chuma. Wapigaji wa kipindi hicho walikuwa mafundi wakubwa. Walipiga polepole kwa sababu ndivyo kazi ilivyotaka, kama mpishi mahiri anavyopunguza pilipili kwa mteja asiyeizoea.

Ukweli wa upande wa pili lazima utajwe. Wahawaii wana nyimbo zao za polepole zenye uzito, na Aloha ʻOe, iliyotungwa na Liliʻuokalani mwenyewe kabla hata ya kuwa malkia, ni mojawapo. Gitaa la chuma linaweza kuuimba wimbo kama huo kwa karibu sana na sauti ya mtu. Kinachokataliwa ni kuufanya mwendo mmoja kuwa maumbile ya chombo kizima, kisha kuutumia kufuta mwingine.

Vuguvugu la kufufua utamaduni wa Kihawaii katika miaka ya 1970 lilipaswa kuusahihisha uzushi huo. Badala yake liliukubali. Vijana waliotaka kurudi kwenye mizizi walikimbilia gitaa la nyuzi zilizolegezwa na kuliacha la chuma kama masalia ya hoteli. Walimfuata Gabby Pahinui kama baba wa mtindo huo, bila kujali sana kwamba Pahinui alikuwa pia mpiga gitaa la chuma wa kiwango cha juu. Kwa kizazi kizima darasa la chuma lilisimama kwa juhudi za watu wachache, akiwamo Jerry Byrd, Mmarekani mzungu wa Ohio aliyehamia Honolulu mwaka 1972 na kufundisha Wahawaii ufundi ulioanzia kwao. Waliokiacha chombo kwa kukidhania kuwa cha mtalii walimwachia mtalii kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Hoja ya mwisho ya wakosoaji ni kwamba gwaride lenyewe ni la Ulaya, kwa hiyo Hilo March haiwezi kuwa ya Kihawaii. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana jibu karibu. Beni ilianza Lamu na Mombasa kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, pamoja na sare, vyeo na tarumbeta, na hakuna anayeijua historia ya vikundi vyake vya Marini na Arinoti anayeweza kusema kwamba haikuwa ngoma ya Waswahili, yenye ushindani wao, mashairi yao na kejeli zao. Mwenye kuazima ndiye anayejua alichokifanyia. Aeʻa aliazima mapigo ya gwaride, Kekuku akaazima gitaa la wachunga ng'ombe, na walichokitoa hakikuwapo Prussia wala Meksiko.

Mwenendo wa chombo hicho nje ya visiwa nao unaupinga uzushi. Katika makanisa ya House of God ya Wamarekani weusi gitaa la chuma lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya Troman Eason kujifunza kwa mwalimu Mhawaii huko Philadelphia na mtindo huo kuenezwa na ndugu yake Willie. Humo huongoza ibada za kurukaruka na kupiga makofi. Nchini India Brij Bhushan Kabra alilipeleka kwenye raga za muziki wa jadi wa huko, na wapenzi wa filamu za Kihindi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wamelisikia mara nyingi katika nyimbo za filamu bila kuambiwa jina lake. King Sunny Adé wa Nigeria aliliweka katikati ya ngoma za juju, na linasikika wazi katika albamu yake ya mwaka 1982 iliyotolewa Ulaya na Marekani. Mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alihusishwa na mtindo wa Kihawaii kwa namna yake ya kung'arisha gitaa katika rumba. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyelitaka kwa ajili ya usingizi.

Kati ya wapigaji wa leo bado kuna wanaoishusha Hilo March hadi mwendo wa kusuasua, wakidai kwamba hivyo inasikika ya Kihawaii zaidi. Hao wana njia nyepesi ya kupimwa. Bendi ile ya kifalme, Royal Hawaiian Band, ingali hai, sasa ikiwa chini ya serikali ya jiji la Honolulu, na hupiga bila kiingilio katika viwanja vya ikulu ya ʻIolani. Gwaride likipigwa na bendi hupata mwendo wake kutoka miguuni mwa watembeao. Mpiga gitaa anayeiga mwendo huo hana budi kupiga haraka, akate noti zake, na auache mtetemo wa chuma kwa nyimbo zinazouhitaji.